Mume wangu ni dereva wa watalii, nyumbani tunapanda vifodi (daladala za Arusha): tukope tununue gari?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, tumepanga Muriet, Arusha. Mume wangu anaendesha wageni. Msimu ukichanganya anakaa porini siku tano, sita, anarudi kulala usiku mmoja kisha anaondoka tena. Tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, anachukuliwa na basi la shule. Mdogo yuko chekechea hapa hapa mtaani. Shemeji yangu anauza gari lake dogo, Toyota IST, milioni 12, na SACCOS ya kazini (chama chetu cha akiba na mikopo) iko tayari kunikopesha hela yote kwa miezi 36, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio. Tuna kiwanja ila hatujaanza kujenga. Mume anasema haiwezekani yeye azungushe wazungu kwenye Land Cruiser halafu wanawe wapakatwe kwenye kifodi. Mimi naogopa deni, lakini naogopa zaidi mtoto kuugua usiku. Halafu kuna Desemba: kwenda Rombo na mabegi na watoto ni vita. Sijui kuendesha. Kweli familia inaweza kuishi Arusha bila gari, au najidanganya?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kusaini. Wengi huniletea swali hili gari likiwa limeshalala getini na makato yameshaanza kwenye mshahara.

Sentensi yako fupi kuliko zote ndiyo iliyonishika: "Sijui kuendesha." Umeitupia mwishoni kama jambo dogo, na mimi naiona ndiyo kubwa. Usiku unaouogopa, mtoto anachemka homa saa nane, mwenye leseni yuko Seronera, ndani ya Serengeti, na wageni wake. IST itakuwa imeegeshwa nje ya dirisha lako, ina mafuta, ina bima, na wewe utakuwa unapiga simu kutafuta bajaji kama unavyofanya leo. Kwa hali yenu ya sasa mnataka kukopa milioni 12 kununua chombo kitakachokuwa na dereva wake siku chache kwa mwezi, tena siku ambazo dereva huyo hatamani kabisa kushika usukani.

Kwa hiyo jibu langu: inawezekana, na kwenu ndiyo ninayoishauri kwa hii miaka mitatu, ila kwa sharti. Mtenge fungu la usafiri kila mwezi, tena fungu la maana, na mkubali kulitumia lote bila kuona uchungu. Kazi yangu ni mipango ya usafiri mjini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa na wenye magari, makonda na watu wa bajaji tukichambua hesabu zao, pamoja na kuwasikiliza abiria. Familia ninazoziona zikiteseka bila gari, mara nyingi kinachozitesa ni kuona kila nauli inayozidi ya kifodi ni anasa. Mama ana mfuko wa unga, mtoto mgongoni, mvua inanyesha, na bado anasubiri kifodi dakika arobaini ili aokoe shilingi elfu mbili na mia nne. Akifika nyumbani ameshaamua moyoni kwamba lazima wanunue gari la milioni 12.

Tupige hesabu. Bei nitakazozitaja za mitaani ni makadirio, wewe weka za huko kwako.

Milioni 12 kwa miezi 36 ni 333,000 na ushee kila mwezi kabla ya riba. Riba yako inaanza na 120,000 mwezi wa kwanza na kushuka kidogo kidogo; ukiijumlisha hadi rejesho la mwisho ni 2,220,000. Yaani gari la milioni 12 utalilipia 14,220,000. Wastani ni 395,000 kwa mwezi, na miezi ya mwanzo ndiyo inayouma, ule wa kwanza kabisa ni 453,000.

Hapo gari halijawashwa. Chukulia linatembea kilomita 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: kilomita 520. IST ya injini ya 1,300, kwa foleni zetu na mashimo yetu, ikikupa kilomita 12 kwa lita shukuru. Hizo ni lita 43. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na inapanda na kushuka. Tuweke 3,000 kwa lita tusisumbuane na vichenji, unapata 130,000. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ni laki moja na ushee kwa mwaka, lakini gari la mkopo usilikatie bima ndogo: likiibiwa au likipinduka unabaki na makato bila gari. Kwa bima kubwa tenga 40,000 kwa mwezi. Matengenezo weka 90,000. Hapo kuna oili na chujio, plagi, brek pedi, matairi, na kwa barabara za ndani za Muriet kuna bushi na shokapu ambazo mtazizoea hadi majina yake ya kiufundi. Miezi mingine hamtatumia hata senti, kisha mwezi mmoja fundi anawatajia laki nne huku anafuta mikono. Kuosha, maegesho ya mjini, stika ya usalama barabarani, faini ya hapa na pale: 20,000. Jumla 280,000 za kulifanya gari litembee, na ukiongeza rejesho ni 675,000 kwa mwezi.

(Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Wenye magari walishangilia, lakini tangu hapo hata wewe wa kifodi unaichangia kila dereva anapojaza tanki.)

Sasa tuiache ile 395,000 ya rejesho pembeni, tuchukue 280,000 peke yake, ile ambayo mlikuwa tayari kulilisha gari. Ndiyo fungu lenu. Wewe na shule yako: kifodi kwenda na kurudi 1,200, boda ya kukutoa nyumbani hadi lami na kukurudisha 2,000, siku 22 ni 70,400. Basi la shule la mkubwa, tuseme 60,000. Mume siku alizopo, 30,000. Jumamosi soko la Kilombero, unarudi na bajaji na mizigo yako yote: 20,000 kwa mwezi. Jumapili kanisani familia nzima kwa bajaji kwenda na kurudi: 24,000. Dharura 40,000, na isipotumika inalala kwenye simu ikisubiri mwezi unaofuata. Jumla 244,400. Inabaki 35,600 kila mwezi, ambayo kwa mwaka ni 427,000 na kitu. Hiyo tutaifikia kwenye habari ya Rombo.

Umeona? Maisha haya hayana kubanwa kwenye dirisha la kifodi na mfuko wa unga mapajani. Unapanda boda kila siku, bajaji kila wikiendi, na bado unatumia sawa na gharama ya kulitembeza gari tu.

Nimtendee haki shemeji yako. Atakuambia IST haishuki bei, na hapo hadanganyi. IST za toleo la kwanza, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, zote zimeshavuka miaka 10, na gari la umri huo likiingizwa leo linatozwa ushuru wa bidhaa wa uchakavu asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, tena kimoja kinapigwa juu ya kingine. Kodi hiyo ndiyo inayoshikilia bei ya zilizoko nchini tayari. Mkiuza baada ya miaka mitatu mkapata, tuseme, milioni 8, basi hasara yenu halisi kwenye gari lenyewe ni milioni 6 na laki mbili, sawa na 173,000 kwa mwezi. Si janga. Tatizo ni kwamba milioni 8 hiyo mnaiona mwisho wa safari, na makato ya 395,000 mnayaona kila mshahara ukitoka, kwa miezi 36, na kiwanja kinaendelea kuota nyasi. Kama SACCOS inakuamini kiasi hicho, mkopo huo huo ukiingia kwenye msingi na tofali, mwisho wa miezi 36 mna kitu kisichowekewa petroli.

Hapo hapo kwenye kiwanja ndipo ningetumia muda mwingi kama ningekuwa nyinyi. Anayeishi bila gari hununua usafiri wake siku anapochagua nyumba. Hukuniambia kiwanja kiko wapi. Kama kiko mita mia tatu, mia nne kutoka lami yenye ruti ya kifodi, mna bahati. Kama ni vile viwanja vya "ukifika kwenye mti unaingia ndani kidogo", kabla ya kumwaga kokoto hata moja nendeni Aprili, siku mvua imekesha, saa kumi na mbili asubuhi, mtoke pale kwa miguu mpaka barabarani na viatu vya kazini. Kisha rudini siku nyingine saa mbili na nusu usiku mkitokea mjini. Msimtume dalali awaambie. Na msidhani gari litawaokoa na tope: IST iko chini, na masika ndiyo miezi utakayoiona imesukumwa na vijana wa mtaani kwa elfu tano.

Kuhusu vifodi vyenyewe, ukijua tajiri, yaani mwenye gari, anamdai nini dereva utaacha kumlaumu konda, na utapanga siku yako vizuri zaidi. Anataka hesabu yake, kile kiasi walichopatana, kila jioni, iwe mvua iwe jua. Mafuta ni juu ya dereva. Kinachobaki ndicho dereva na konda wanagawana. Kwa hiyo asubuhi wanakimbizana kuwahi watu wa kuingia mjini, na saa nne hadi saa nane mchana watakuweka kituoni mpaka siti ya mwisho ijae, kwa sababu trip ya nusu gari haitoi hata mafuta. Jioni watu wakiwa wengi wengine wanakata ruti: anakushusha njiani ageuze haraka, kwa kuwa foleni ya kwenda mbele inamlia trip nzima. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inapanga nauli kikomo na ruti. Mwishoni mwa 2023 kilomita 10 za mwanzo zilipanda kutoka 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki na 200 yake. Ndiyo maana konda anakunja uso akiwaona watoto wenye sare wamejipanga kituoni: viti vitatu vya wanafunzi vinamwingizia sawa na kiti kimoja chako. Kumjua konda haimaanishi umvumilie akimwacha mtoto. Ubavuni mwa gari kuna namba, iandike.

Wewe unayetakiwa kuwa shuleni kabla ya saa moja na nusu, usipande katikati ya ruti. Boda ikutoe nyumbani ikupeleke mwanzo wa ruti hata kama ni kurudi nyuma kidogo. Unakaa, unaweka pochi mapajani, mnaondoka. Jioni fanya hivyo hivyo, nenda kwenye stendi gari linapopakilia badala ya kusimama kwenye vituo vya katikati ya mji na kupigana viwiko na wanafunzi. Dakika kumi za kutembea hadi stendi ni afadhali kuliko nusu saa ya kusukumana.

Boda: abiria mmoja, kofia ngumu, kijiwe kimoja. Kwa watu wazima, sawa. Watoto wako hapana, na mishikaki ya mama na watoto wawili ndiyo kabisa usithubutu, hata kama ni "hapa tu kwenye kona." Familia ikitoka pamoja ni bajaji. Basi.

Usiku wa ugonjwa sasa, maana naamini hapa ndipo moyo wako ulipo. Kinachookoa ni mtu mliyepatana naye mchana. Chagua dereva wa bajaji anayelala jirani, mtu mzima kidogo, mwenye familia. Mpe kazi ya Jumamosi ya soko, mpe na ya Jumapili ya kanisa, mwezi mmoja, miwili. Hiyo peke yake inamfanya ajue geti lenu, ajue mbwa wa jirani hana kamba, ajue njia gani inajaa maji. Kisha mwambie waziwazi: "Baba watoto hayupo mara nyingi. Nikikupigia usiku utakuja? Ni shilingi ngapi?" Patana bei ya usiku siku hiyo hiyo mkiwa mmetulia, itakuwa mara mbili au zaidi ya mchana, na ni halali yake. Muulize simu yake huwa inalala imewashwa au inazimwa. Chukua na namba ya mke wake, kwa sababu saa nane usiku anayesikia simu mara nyingi ni mke. Tafuta na wa pili, safari hii mwenye teksi ya gari dogo, kwa usiku wa mvua kubwa au mgonjwa anayetakiwa kulazwa kwenye kiti. Wa tatu awe jirani mwenye gari, ambaye mmeshaongea naye kabla, na ambaye ukimwamsha utamjazia mafuta bila kusubiri aombe. Programu kama Bolt zinafanya kazi Arusha na kwa mchana mjini zinafaa sana, lakini usiweke usiku wa homa ya mtoto mikononi mwa dereva ambaye ataangalia ramani, aone Muriet, akatishe.

Namba hizo tatu ziandike kwenye karatasi, bandika nyuma ya mlango, pamoja na maneno ya kumwelekeza mtu mpaka kwenu. Dada wa kazi naye azijue. Pembeni yake weka begi dogo lenye kadi za kliniki, kadi za bima ya afya na pesa taslimu, maana mtandao wa simu una tabia ya kusumbua usiku usiotaka usumbue. Na amueni mapema mnakwenda wapi, hospitali ya Mount Meru au nyingine ambako mtoto amesajiliwa, msije kujadiliana mkiwa njiani. Mkija kupata mimba nyingine, kuna huduma ya m-mama: namba 115, bila malipo, ni kwa mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga wenye dharura. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, wanampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa na malipo yake yanafanywa na mfumo wenyewe. Wengi mjini hawaijui, wanadhani ni ya vijijini.

Basi la shule hukuliulizia, ila nalitaja. Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji ya korongo hapo hapo Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Kwa hiyo usiulize tu bei ya basi. Uliza linapita korongo lipi, na dereva ana maelekezo gani kukiwa na maji: anasubiri, anazunguka, au anapiga simu kwa wazazi? Mkuu wa shule akijikanyaga kwenye jibu hilo, ndani ya masika mtoto abaki nyumbani siku za mvua kubwa, wala usione haya. Wewe ni mwalimu, unajua siku moja ya darasa la pili inafidiwa vipi. Na hili ni sawa sawa kwa mwenye gari lake. Maji hayaangalii kadi ya gari ni ya nani.

Mizigo mikubwa ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani. Kitanda, gunia za mahindi, mifuko ya saruji: guta (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) au kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), unapatana kwa trip. Hata wenye IST huita kirikuu.

Haya, Rombo. Ile 427,000 iliyobaki kwenye fungu ndiyo ya kazi hii, pamoja na safari za misiba, ambazo hazina kalenda. Shule zikifungwa wewe huna sababu ya kusafiri tarehe 23 pamoja na nusu ya Dar es Salaam. Ondoka mapema, kati ya wiki, asubuhi: basi dogo la Costa mpaka stendi ya Moshi, pale mnapumua, watoto wanakula, mnaingia gari la Rombo linalopita Himo, Marangu, Mwika hadi Mkuu na kuendelea Tarakea. Mabegi makubwa yatangulie siku mbili kabla kama kifurushi, au yaje na ndugu. Kama ni lazima mwende siku zile za msongamano, unganeni na ndugu wawili, watatu wa Arusha mkodi Noah na dereva wake mlango kwa mlango. Ikigawanywa kwa vichwa mnashangaa inavyokaribiana na nauli za stendi za wiki ile. Wekeni oda Novemba. Ukisubiri Desemba 15 utatajiwa bei za kukufukuza.

Na kumbuka jambo ambalo mume wako analijua kuliko mimi: Krismasi na mwaka mpya ni msimu wa wageni. Kuna miaka atafika kijijini tarehe 24 usiku, na miaka hatafika kabisa. IST ingekwenda Rombo na nani? Na angefika nayo, wenye gari kijijini tunajua kazi wanayopewa. Kamlete bibi kutoka Tarakea, wapeleke wazee kanisani, kafuate mbege, shangazi anaumwa mgongo hawezi kupanda boda. Mtu aliyeendesha wageni miezi sita mfululizo anaendesha tena wiki mbili, bila bahshishi.

Neno lake la watoto kupakatwa kwenye kifodi nalielewa, na wala usilibeze mkiwa mnaongea. Mtu anayeshika usukani wa gari la mamilioni kutwa, halafu anashushwa kwenye lami na begi lake apande boda kwenda kwake, ana haki ya kuumia. Ila mwonyeshe fungu: watoto hawapakatwi tena, wanakwenda kanisani na bajaji yao iliyopangwa. Mengine ni maneno ya majirani, na majirani hao hawapo kwenye fomu ya SACCOS kama wadhamini. Kuna pia wazo litakalokuja, kama halijaja: "Tulinunue, tumpe kijana alipigishe, litajilipa." Hiyo ni biashara, ina namba nyeupe, leseni ya LATRA na bima yake ghali zaidi, na tajiri asiyekuwepo siku sita kwa wiki huletewa hesabu ya huruma. Usichanganye mambo hayo mawili kwenye mkopo mmoja.

Ningekushauri tofauti kabisa kama kungekuwa na mgonjwa wa kudumu nyumbani, mtoto mwenye ulemavu, au kazi yako ingekuwa ya zamu za usiku. Vivyo hivyo kama ungekuwa na mizigo ya biashara kila siku, au nyumba imeisha na hela ipo mkononi bila deni. Huna hata moja kati ya hayo kwa sasa.

Udereva jifunze hata hivyo. Likizo ya Juni ingia chuo cha udereva kinachotambulika, upate leseni ya daraja D. Ada yake itoke kwenye makato ambayo hamkuyachukua. Ukiwa nayo unaweza kukodi gari dogo kwa siku mbili mnapokuwa na harusi Moshi, unaweza kushika usukani wa jirani usiku yeye akiwa amekunywa, na siku mkinunua gari litakuwa na madereva wawili.

Na kama pamoja na haya yote mtaamua kulichukua la shemeji, mambo machache. Jina kwenye kadi libadilishwe TRA kabla hela yote haijatoka, undugu usiwafanye muone aibu kulidai hilo. Angalieni madeni yaliyoganda kwenye namba ya gari, faini za barabarani na maegesho, kwa sababu yanahamia kwenu pamoja na viti. Msikope zote 12. Mkiweza kutoa 4 mfukoni, rejesho linashuka na mtapumua. Bima iwe kubwa. Na fundi wa kulikagua mtafute nyinyi wenyewe, asiwe yule anayelihudumia sasa hivi.